Sura ya Saba: Kelele Zina Uzito

Septemba 8, 2018, bondia wa Tanga, Hassan Mwakinyo, alipanda ulingoni mjini Birmingham, Uingereza, kupambana na Sam Eggington. Aliitwa dakika za mwisho kuziba pengo. Eggington alikuwa anacheza nyumbani, mbele ya watu wake, na wengi waliojaa ukumbini walikuwa wakisubiri pambano kubwa la usiku ule, la Amir Khan. Mgeni kutoka Tanzania hawakumjua wala hawakumtarajia. Raundi ya pili haikwisha. Mwakinyo alimwandama mwenyeji kwa ngumi mfululizo mpaka mwamuzi akaingia kati, na Mtanzania akatangazwa mshindi kwa TKO.

Mabondia wanaosafiri wana wosia wa siku nyingi: ukienda kupigana kwa mtu, kazi usiwaachie majaji. Imalize mwenyewe. Asiyeujua mchezo anaweza kudhani huo ni utetezi wa walioshindwa, lakini wosia huo umepimwa na kuonekana ni wa kweli.

Mwaka 2005 watafiti watatu wa Uingereza, Nigel Balmer, Alan Nevill na Andrew Lane, walichapisha uchunguzi wa mapambano ya ubingwa wa Ulaya katika ngumi. Walitaka kujua mwenyeji anafaidika kiasi gani, na faida hiyo inatoka wapi. Wakiwalinganisha mabondia wenye uwezo sawa, waliona kwamba pambano likiisha kwa KO, uwezekano wa mwenyeji kuwa mshindi ni asilimia 57. Likisimamishwa na mwamuzi, ni asilimia 66. Likifika raundi ya mwisho na kuamuliwa kwa pointi, ni asilimia 74. Tazama namba hizo zinavyopanda. Mtu aliyelala chini hahitaji kujadiliwa, na hapo faida ya mwenyeji ni ndogo. Uamuzi unapohamia kwenye macho ya binadamu, faida inakua.

Miaka saba baadaye, Balmer na mtafiti mwenzake, Tony Myers, waliuchunguza mchezo wa muay thai. Safari hii waliwaketisha majaji kando ya ulingo katika mapambano halisi. Baadhi waliusikia ukumbi kama kawaida, wengine walivaa vizuia sauti masikioni. Wote waliona mateke yale yale na magoti yale yale. Waliosikia kelele walimpa mwenyeji takriban nusu pointi zaidi katika pambano la raundi tano. Ukiisoma karatasini, nusu pointi ni kitu kidogo. Lakini katika mchezo ambao kwa kawaida raundi hupishana kwa pointi moja, ni kiasi cha kutosha kumvisha mtu mkanda asioustahili na kumrudisha mwingine kwao akiwa ameinamisha kichwa.

Hoja ya sura hii inaanzia hapo. Mshabiki wa michezo ya kupigana anashiriki katika matokeo, apende asipende. Sauti yake inaingia kwenye karatasi ya jaji, inaingia kwenye miguu ya mpiganaji, na mara nyingine inaingia kwenye afya ya mtu. Mwenye nguvu kiasi hicho ana wajibu, na wajibu huo unafundishika.

Sauti inavyofika kwenye karatasi

Ngumi inakwenda na kurudi kabla hujapepesa macho. Jaji ameketi upande mmoja wa ulingo. Mara mgongo wa mwamuzi unamziba, mara bega la bondia. Anatakiwa kujua kama ngumi ile imefika kwenye taya au imeishia kwenye glovu, na hana nafasi ya kurudisha picha nyuma. Katika sekunde hiyo ya mashaka ukumbi mzima unaruka na kupiga ukelele. Jaji amepata shahidi wa pili bila kumwita. Hapa hakuna bahasha wala nia mbaya. Ni masikio yanayoyasaidia macho, kama yanavyofanya kwa kila mmoja wetu kila siku.

Tatizo ni kwamba shahidi huyo ana upande. Mwenyeji akigusa tu mkono wa mpinzani, watu wanasimama juu ya viti. Mgeni akizamisha ngumi safi ya mbavu, ukumbi unakohoa. Mwisho wa raundi jaji ana kumbukumbu ya milipuko mingi ya upande mmoja na kimya cha upande wa pili, naye anaandika akiamini kwa moyo safi kwamba anaandika alichokiona.

Hakuna mahali ambapo jambo hili limekuwa wazi kama Bangkok, katika viwanja vya Rajadamnern, kilichofunguliwa mwaka 1945, na Lumpinee, kilichofuata mwaka 1956. Muay thai hupiganwa kwa muziki: zumari, ngoma na matoazi madogo. Pambano linapokolea, mwendo wa muziki nao unakaza. Kila goti likifika, jukwaa linaitikia kwa pamoja, "Oi!" Kwa mgeni ni jambo la kusisimua. Lakini kwa miongo mingi wengi wa wanaoitikia wamekuwa wacheza kamari, wanaopeana dau kwa ishara za vidole katikati ya raundi. Kelele zao zina fedha ndani yake. Anayepiga ukelele kwa sababu ya dau hamshangilii mpiganaji, anamshawishi jaji.

Wakuu wa michezo wamejaribu kujibu kwa mitambo. Katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Roy Jones Jr. wa Marekani alimchakaza Park Si-hun wa Korea Kusini, lakini majaji watatu kati ya watano wakampa ushindi Park, aliyekuwa kwao. Uamuzi ule umeandamwa na tuhuma nzito kuliko za kelele. Hata hivyo, Olimpiki iliyofuata, ya Barcelona mwaka 1992, majaji wa ngumi walipewa vitufe vya kubonyeza kila ngumi inapofika. Katika tekwondo uamuzi kama ule wa Seoul ulitokea Beijing mwaka 2008. Mchina Chen Zhong, bingwa wa Olimpiki mara mbili, alitangazwa mshindi dhidi ya Mwingereza Sarah Stevenson, kisha video ikaonyesha kwamba teke la Stevenson la kichwani halikuhesabiwa. Matokeo yakageuzwa. Kufikia London mwaka 2012, wachezaji wa tekwondo kwenye Olimpiki walikuwa wakivaa vikinga kifua vyenye vihisio vinavyohesabu teke bila kumuuliza mtu.

Mitambo imesaidia, na pale inapopatikana itumike. Lakini haiwezi kumaliza suala, kwa sababu mpiganaji naye ana masikio.

Nguvu ya kuazima

Alfajiri ya Oktoba 30, 1974, mnamo saa kumi, watu wapatao 60,000 walikuwa wamejaa katika Uwanja wa 20 Mei mjini Kinshasa. George Foreman alikuwa na miaka 25, bingwa wa dunia wa uzito wa juu aliyeshinda mapambano yake yote 40, yote isipokuwa matatu kwa KO. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32, na wengi waliandika kwamba anakwenda kuumizwa.

Kinachosahaulika ni namna Ali alivyoupata uwanja ule. Hakupewa bure. Pambano lilipangwa kufanyika Septemba 25, lakini Foreman akachanika juu ya jicho akiwa mazoezini, na tarehe ikasogezwa kwa zaidi ya mwezi. Wiki hizo Ali alizifanyia kazi. Akiwa kambini N'Sele alikimbia barabarani, watoto wakamfuata, akasimama kuzungumza nao, akatania, akasikiliza. Foreman alijifungia zaidi, na alikuwa amekuja na mbwa wake mkubwa wa Kijerumani, wa aina ambayo Wakongo waliikumbuka kutoka mikononi mwa polisi wa Wabelgiji. Kengele ya kwanza ilipogongwa, kura zilikuwa zimeshapigwa.

"Ali, boma ye!" uwanja uliimba kwa Kilingala. Ali, muue! Naye aliwaongoza kwa mkono. Alipoegemea kamba na kumwacha Foreman amtwange mbavu na mikono raundi baada ya raundi, sauti ile ilikuwa sehemu ya silaha zake. Foreman alikuwa anampiga mtu mmoja na kusikia watu 60,000 wakikataa kwamba huyo mtu anaumia. Raundi ya nane nguvu zikamwishia, Ali akatoka kwenye kamba, na bingwa akaanguka.

Ziangalie picha za kuanguka kule. Foreman anazunguka akielekea chini, mwili wote wazi, na mkono wa kulia wa Ali umeshakunjwa tayari kwa ngumi moja zaidi. Hakuirusha. Uwanja mzima ulikuwa umemwomba aue, naye akaona kazi imekwisha akashusha mkono. Mpiganaji alichukua nguvu ya jukwaa na kuiacha hasira yake. Baadaye yeye na Foreman wakawa marafiki.

Wasenegali wameifanya kazi hii ya kumpa mtu moyo kuwa fani kamili. Katika mieleka yao, laamb, pambano lenyewe linaweza kuisha kwa sekunde chache, lakini sherehe huanza saa nyingi kabla. Ngoma za sabar zinalia, waimbaji wanawasifu wanamieleka na nasaba zao, na mwanamieleka mwenyewe anazunguka uwanja akicheza na kutoa bàkk, yaani tambo zake za kishairi: amemwangusha nani, ametoka kwa nani, leo atafanya nini. Nyuma yake upo mtaa mzima wa Dakar au vitongoji vyake, Fass, Pikine, Guédiawaye. Aprili 22, 2012, Balla Gaye 2 wa Guédiawaye alipomwangusha Yékini, ambaye hakuwa ameshindwa tangu miaka ya 1990, kitongoji chote kilihesabu kwamba kimeshinda.

Watu wa Pwani ya Afrika Mashariki tunazijua tambo, na majigambo ni kipera cha fasihi yetu kinachofundishwa shuleni. Kinachofaa kuangaliwa Senegal ni mpangilio. Ngoma ina wapigaji wake, sifa zina waimbaji wake, na sauti kubwa zaidi ya jukwaa inakwenda kumjenga mtu wao kabla ya pambano. Huo ni ushabiki wenye ufundi. Unamfikia anayekusudiwa, na haumhitaji jaji.

Mkono wa Geesink

Jukwaa lina uzito wa namna nyingine pia, ule unaomlemea mtu wake mwenyewe. Judo iliingia kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza Tokyo mwaka 1964, katika ukumbi mpya wa Nippon Budokan. Wenyeji walitaka medali zote nne za dhahabu. Takehide Nakatani, Isao Okano na Isao Inokuma walileta tatu. Ilibaki ile ya wazi, isiyo na mipaka ya uzito, ambayo kwa Wajapani ndiyo iliyobeba heshima ya mchezo wenyewe. Oktoba 23, Akio Kaminaga alitoka kuipigania mbele ya taifa lake, dhidi ya Mholanzi Anton Geesink wa Utrecht, mtu wa karibu mita mbili ambaye tayari alikuwa bingwa wa dunia wa mwaka 1961.

Baada ya dakika tisa hivi Geesink alimlaza Kaminaga na kumbana chini kwa kesa-gatame, mkono mmoja shingoni, mpaka sekunde 30 zikatimia. Waholanzi wachache waliokuwemo wakapandwa na furaha, wakakimbilia kwenye mikeka kumkumbatia mtu wao. Geesink, kabla hata ya kusherehekea, aliwanyooshea mkono: rudini. Wakarudi. Kisha akasimama, akamkabili Kaminaga, wakainamiana kama desturi inavyotaka.

Wajapani walioliona tukio lile waliendelea kulisimulia kwa miongo mingi, na ndilo lililomfanya mgeni aliyewanyima dhahabu aheshimike Japani mpaka alipofariki mwaka 2010. Kwa sekunde moja, kijana wa Utrecht aliwafundisha watu wake kwamba mikeka ina adabu yake, na kwamba aliyeshindwa anapaswa kuondoka akiwa mzima wa heshima. Ushindi wake wenyewe ulikamilika pale.

Desturi hiyo ya kuzuia shangwe ina mizizi mirefu katika michezo ya Kijapani, lakini tusidhani Wajapani hawapigi kelele. Kwenye sumo watu huita majina ya wanamieleka wao kwa sauti kuu, na yokozuna, bingwa wa ngazi ya juu kabisa, akiangushwa na mtu wa chini yake, mito ya kukalia hurushwa hewani ingawa tangazo huwaomba watazamaji wasifanye hivyo. Mwezi Machi 2020, kwa sababu ya korona, mashindano ya Osaka yalifanyika bila mtazamaji hata mmoja. Miili mikubwa iligongana ndani ya ukumbi mtupu, na kila aliyetazama kwenye televisheni alielewa kwamba nusu ya mchezo haikuwepo.

Siku ukumbi ulipomwimbia mgeni

Mwaka 2021, katika Budokan ile ile lakini viti vikiwa vitupu, Uta Abe wa Japani alitwaa dhahabu ya Olimpiki uzito wa kilo 52, siku moja na kaka yake Hifumi. Fainali alimshinda Mfaransa Amandine Buchard. Julai 28, 2024, Abe na Buchard walikuwa Paris, na safari hii viti vilijaa Wafaransa. Katika raundi ya pili Abe alirushwa na Diyora Keldiyorova wa Uzbekistan kwa ippon, alama kamili inayomaliza pambano. Bingwa akatoka. Alipofika kando ya mikeka magoti yakamwisha nguvu, akamshika kocha wake na kulia kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima.

Kwa mshabiki wa Ufaransa, hiyo ilikuwa habari njema. Aliyemnyima Buchard dhahabu Tokyo ameondolewa, njia imefunguka. Ukumbi ungeweza kuruka kwa shangwe. Badala yake watu wakaanza kuita: "Uta! Uta!" Wakamwimbia mpaka alipotoka. Buchard alimaliza na shaba, Keldiyorova akachukua dhahabu, na hakuna aliyenyang'anywa chochote na wema ule.

Siku sita baadaye ukumbi huo huo ulikuwa unatetemeka. Fainali ya timu mchanganyiko, Ufaransa na Japani, tatu kwa tatu. Gurudumu la bahati likachagua uzito wa juu kwa pambano la mwisho, Teddy Riner akarudi kumkabili Tatsuru Saito, akashinda, na Wafaransa wakapiga kelele za kupasua paa. Ni watu wale wale. Hawakuwa wapole kwa sababu hawajali. Walijali sana, na walijua wakati wa kunguruma na wakati wa kumsitiri aliyeumia.

Waliyajua wapi hayo? Ufaransa ina zaidi ya wanachama nusu milioni wa judo, na klabu hata katika miji midogo. Pengine sehemu kubwa ya waliokaa kwenye viti vile wamewahi kufunga mkanda, wamewahi kurushwa, wamewahi kulia pembeni ya mikeka wakiwa na miaka tisa. Mtu aliyeangushwa mwenyewe anajua kuanguka kunavyouma. Jukwaa bora hutoka kwenye klabu za watoto, na anayetaka mashabiki wema baada ya miaka 20 aanze kuwafundisha leo, pamoja na ukemi, yaani ufundi wa kuanguka salama, na mateke, kumpigia makofi mwenzao aliyewashinda.

Pambano linaposimamishwa

Hapa kwetu ngumi zimerudi kuwa mchezo wa watu. Tanga wana Mwakinyo wao, Morogoro wana Twaha Kiduku wao, na siku ya kupima uzito tu inatosha kujaza vijana, tambo na vicheko. Nauheshimu moto huo kwa moyo wote, kwa kuwa mpiganaji asiye na watu wa kwao anapigana akiwa ameshapungukiwa. Lakini ipo sekunde moja katika pambano ambapo moto huo unaweza kuua, nayo ni pale mwamuzi anaponyoosha mikono na kusema basi.

Robert Wangila wa Kenya alitwaa dhahabu ya Olimpiki Seoul mwaka 1988, katika mashindano yale yale yaliyomdhulumu Jones. Mpaka leo ndiyo dhahabu pekee ya Kenya katika Olimpiki nje ya riadha. Akaenda Marekani kucheza ngumi za kulipwa. Julai 22, 1994, mjini Las Vegas, alipambana na David Gonzales, na katika raundi ya tisa mwamuzi akasimamisha pambano. Wangila alipinga. Alijiona anaweza kuendelea. Muda mfupi baadaye alizimia katika chumba cha kubadilishia nguo, na siku mbili baadaye akafariki. Alikuwa na miaka 26.

Bingwa wa Olimpiki, mwenye mwili uliozoea ngumi tangu utotoni, hakujua kilichokuwa kinatokea ndani ya kichwa chake mwenyewe. Mtu aliyekaa safu ya ishirini atajuaje? Hata hivyo ndiye huyo anayesimama kuzomea, anayemwita mwamuzi mwoga, anayetupa chupa kwa sababu hajaona mtu akilala. Zomeazomea za jana zinamfuata mwamuzi mpaka kwenye pambano la leo. Zinamfanya asubiri ngumi mbili zaidi, na bondia anayesikia watu wake wakidai aendelee anainuka pale ambapo angepaswa kubaki chini. Kama kelele zinaweza kuhamisha nusu pointi kwenye karatasi ya jaji mtulivu aliyeketi, zinaweza kuhamisha sekunde tatu katika uamuzi wa mtu anayeamua akiwa amesimama katikati ya ngumi.

Kwa hiyo walimu wa klabu, mapromota na watangazaji wa ulingoni wana kazi inayowezekana kabisa. Mtangazaji anayeshika kipaza sauti aseme mapema, kabla ya pambano la kwanza, kwamba mwamuzi akisimamisha, ukumbi utapiga makofi kwa wote wawili. Promota asiwape nafasi za mbele watu wa dau wanaompigia jaji kelele. Mwalimu awapeleke wanafunzi wake kutazama mapambano, awaonyeshe ngumi safi ya mgeni na kuwataka waitaje kwa sauti kuwa ni safi. Ngoma zipigwe, tambo zitolewe, mtaa uje na jezi zake na vuvuzela zake. Na mwamuzi anaposema basi, mshabiki wa kweli ndiye wa kwanza kusimama na kushangilia, kwa sababu watu wawili wamepigana mbele yake na wote wawili watarudi nyumbani.